Unakuja Dar? Maswali ninayoulizwa na ndugu wa mkoani

Haya ni maswali ya ndugu, jamaa na majirani wa Njombe, Makambako na Wanging'ombe wanaopanga kuja Dar es Salaam: kutibiwa, kununua mzigo, kuhudhuria harusi, kutembea tu, au kuangalia kama wanaweza kuhamia. Ni yale yale kila mwaka, hasa mahindi yakishauzwa na shule zikifungwa, kwa hiyo nimeyaweka pamoja. Majibu ni kama ninayotoa kwenye simu, ila hapa salio halikatiki. Wa Songea, Iringa na Mbeya nao watapata chao humu.

Basi linanishusha wapi? Bado ni Ubungo?

Hapana. Ubungo kama stendi ya mikoani imebaki midomoni mwa wazee. Tangu 2021 mabasi yanaingia Stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, kandokando ya Barabara ya Morogoro, zaidi ya kilometa 20 kabla ya katikati ya jiji. Ukishuka Mbezi umefika Dar, lakini Kariakoo au Posta bado una safari nyingine, na jioni safari hiyo inaweza kukula saa nzima na ushee.

Kwa hiyo kabla ya kukata tiketi muulize mwenyeji wako: "Unakaa upande gani?" Akikaa Kibamba, Kimara au Goba, Mbezi ni karibu na kwake. Akikaa Mbagala, Gongo la Mboto au Kigamboni, una mji mzima wa kuuvuka ukiwa na gunia la viazi. Basi likiingia saa 3 usiku, lala Mbezi, gesti zipo, uendelee asubuhi. Tangu mabasi ya usiku yaruhusiwe tena 2023, wengine wanaondoka Njombe jioni ili wafike asubuhi. Sawa, ila hapo utaikuta foleni ya watu wanaokwenda kazini, na wewe hujalala.

Wapigadebe watakuzonga mlangoni mwa basi. Wengine ni vijana wanaotafuta riziki yao kihalali, wengine sivyo. Usimpe mtu begi akubebee kabla hujajua unakwenda wapi na kwa shilingi ngapi.

Treni je? Nasikia ya umeme ni nzuri.

Nzuri kweli. Ya SGR ilianza kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro Juni 2024, na mwezi uliofuata ikafika Dodoma. Kwetu Nyanda za Juu haijafika. Wapo wanaopanda basi hadi Morogoro, wanashuka na kumalizia kwa treni, ambayo inakuingiza katikati ya mji bila kugusa foleni ya Mbezi na Kimara. Ukiwa na begi dogo, ni mpango mzuri. Ukiwa na mizigo ya kijijini, kuhamisha magunia kutoka stendi hadi stesheni kutakumalizia faida yote. Kata tiketi mapema na ufike mapema, kwa sababu mizigo inakaguliwa.

TAZARA ya Makambako ni habari nyingine. Mimi naipenda, kwa yale mahandaki na madaraja ya kuelekea Mlimba. Lakini kama una ahadi ya daktari, usiitegemee. Inaweza kuchelewa sana.

Nije mwezi gani?

Juni hadi Agosti. Joto limepungua, mvua hakuna, na kwenu ndio kwanza mmeuza mahindi. Mwanzoni mwa Julai kuna maonesho ya Sabasaba, viwanja vya Barabara ya Kilwa, na watoto huyapenda kuliko kitu chochote utakachowaonesha hapa.

Machi hadi Mei ni masika. Bonde la Msimbazi pale Jangwani likifurika, barabara ya kwenda Kariakoo hufungwa na mji hugawanyika vipande viwili. Januari na Februari ni joto, na joto lenyewe si lile la mchana wa Makambako. Mtu wa Njombe, aliyezoea karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na blanketi mbili, atakaa kitandani saa 8 usiku akijipepea na daftari la mtoto. Sweta acha huko. Chandarua hakikisha kipo. Njombe malaria ni kidogo, huku mbu wapo wa kutosha, wa usiku na hata wale wa mchana wanaoleta dengi.

Naja Muhimbili. Nianzie wapi?

Swali hili nalijibu kwa kirefu, kwa sababu watu wanapoteza siku na nauli hapa.

Kwanza soma barua yako ya rufaa vizuri. Muhimbili ziko mbili: ya Upanga, katikati ya mji, na ya Mloganzila, ambayo iko nje kabisa, upande wa Kibamba, unaipita ukiwa kwenye basi kabla hujafika Mbezi. Mtu anashuka Mbezi, anakwenda mjini, analala Magomeni, anaamka saa 11 alfajiri kwenda Upanga, kisha dirishani anaambiwa, "Mama, wewe umeandikiwa Mloganzila." Anarudi njia ile ile aliyojia jana. Kama ni Mloganzila, tafuta gesti Kibamba au Mbezi na usiuguse mji.

Taasisi ya Mifupa, MOI, na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete zote ziko Upanga, ndani ya eneo la Muhimbili. Saratani ni Ocean Road, kule karibu na bahari, si mbali na Ikulu. Kama huna rufaa na ugonjwa si wa dharura, Amana, Mwananyamala na Temeke ni hospitali za rufaa za mkoa, na mara nyingi zinatosha.

Pili, beba vyote: barua ya rufaa, kadi ya bima kama unayo, kitambulisho, picha za eksirei na majibu ya vipimo vya huko nyumbani. Usiseme "wataniandikia vingine". Watakuandikia, na utavilipia.

Tatu, usipange kuondoka kesho yake. Daktari anakuona leo, kipimo kesho, majibu keshokutwa, kurudi kliniki wiki ijayo. Mpango wa malazi uwe wa wiki, hata kama ulikuja kwa jambo la siku moja. Na mgonjwa asije peke yake, hata kama anatembea vizuri. Kuna foleni ya kulipa, foleni ya maabara na foleni ya dawa, na mara nyingi unatakiwa kwenye mbili kwa wakati mmoja.

Naweza kufikia kwa ndugu bila kumwambia?

Usifanye hivyo. Najua kwetu mgeni hapigi hodi kwa barua. Anatokea, anasema "kamwene", anapewa kigoda, kuku anakamatwa. Lakini huyo ndugu unayemwona kwenye picha amependeza kwenye kiti cha sofa huenda anakaa chumba na sebule na watoto watatu, na hiyo sofa ndiyo kitanda cha wawili kati yao. Piga simu wiki moja kabla. Sema unakuja lini na, muhimu zaidi, sema unaondoka lini. Mwenyeji wa mjini hakuulizi swali hilo kwa mdomo, lakini analo tangu unavua viatu.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huku hatuna jembe la kukupa, tuna LUKU. Siku ya tatu nunua umeme wa shilingi elfu chache bila kuambiwa, au jaza ndoo za maji, utasifiwa ukoo mzima. Viazi, maharage na unga wa mahindi wa nyumbani vinapokelewa kwa vigelegele. Gunia moja la viazi ni wiki kadhaa za mboga kwa mtu wa Tabata.

Kama hutaki kumbana mtu, lala gesti. Manzese na Magomeni zipo za bei ya kawaida, Sinza zipo nyingi lakini baa nazo ni nyingi, muziki hadi usiku mkubwa. Karibu na Kariakoo inawafaa wanaokuja kununua mzigo. Omba kuona chumba kabla hujalipa, washa feni, fungua bomba.

Daladala, mwendokasi, bajaji, bodaboda: nipande nini?

Mwendokasi, yale mabasi marefu yenye njia yao wenyewe, yalianza 2016 kwa njia ya Kimara hadi Kivukoni, na matawi ya Gerezani na Morocco. Yanapokwenda vizuri hakuna kinachoyashinda. Asubuhi na jioni hujaa mpaka mlango unagoma kufunga. Uliza dirishani kama wanapokea fedha taslimu au kadi, mambo haya hubadilika.

Daladala ndiyo inayofika kila mahali. Jina la njia limeandikwa mbele, na mstari wa rangi ubavuni unakuonesha njia yake. Konda ananing'inia mlangoni, noti amezikunja kwa urefu na kuzipachika katikati ya vidole, sarafu zinacheza kiganjani: akizitikisa mbele yako, anataka nauli. Akigonga bati mara mbili, dereva anaondoka. Akiuliza "Kuna mtu Magomeni?" na wewe unashuka Magomeni, paza sauti: "Yupo!" Ukiinua mkono kimya kama uko kanisani, utashukia Fire. Kaa karibu na mama mtu mzima na umwombe akuoneshe kituo chako. Atakuonesha, na atakuambia pia habari za mwanawe.

Saa 10 jioni hadi saa 2 usiku, usipange kwenda popote. Kuna vituo ambapo watu huingia kwa dirishani, na huyo wa dirishani ana uzoefu kuliko wewe. Kama una haraka chukua bajaji, na bei mkubaliane kabla hujakaa, au mwombe mwenyeji akuitie usafiri kwa programu ya simu. Bodaboda ni haraka na ni hatari. Ukipanda, vaa helmeti hata kama inanuka.

Niandae shilingi ngapi?

Bei siziandiki kwa sababu mwezi ujao zitakuwa uongo. Nitakuambia namna ya kupiga hesabu, maana hapa ndipo mji na kijiji vinapoachana.

Kwetu fedha inakuja kwa msimu. Umeuza mahindi, au viazi, au parachichi, umelipa ada na madeni, basi. Zinapita wiki nyingine hujagusa noti: maji ni ya bombani kijijini au kisimani, kuni zipo, mboga iko nyuma ya nyumba, na ukienda kwa jirani unakwenda kwa miguu. Dar fedha haina msimu. Inatoka kila siku, kidogokidogo, kuanzia unapofungua macho: dumu la maji, mkaa au gesi, chapati na chai, nauli ya kwenda (mara nyingi ni magari mawili, si moja), chakula cha mchana kwa mama ntilie, choo cha kulipia, maji ya chupa kwa sababu ya jua, nauli ya kurudi. Hakuna hata kimoja kinachokushtua. Jioni ukihesabu mfukoni, unadhani umeibiwa.

Kwa hiyo usipange fedha ya safari kwa mkupuo. Andika siku moja ya kawaida, asubuhi hadi usiku, mwombe mwenyeji akujazie bei, zidisha kwa siku utakazokaa, ongeza nauli ya basi ya kurudi na uifiche au, bora zaidi, kata tiketi ya kurudi kabisa. Fedha nyingi acha kwenye simu, utoe kwa wakala kidogokidogo.

Kariakoo ni lazima?

Kama unakuja kununua mzigo wa duka, ndiyo. Nenda asubuhi, katikati ya wiki, na mtu anayeijua. Kila mtaa una bidhaa zake. Tembea maduka kadhaa kabla hujatoa fedha, na uulize bei ya jumla, usiulize "hii bei gani". Soko lenyewe kuu, lile jengo la miaka ya 1970 lenye paa la ajabu lililochorwa na msanifu Beda Amuli, liliungua Julai 2021, lakini biashara ya Kariakoo iko mitaani. Kwa mitumba nenda Karume.

Kama hununui kitu, Kariakoo utaipata tu bila kuitafuta.

Matapeli wakoje siku hizi?

Wapole. Ndiyo tatizo lake. Mmoja anaangusha bahasha mbele yako, mwingine anaiokota na kukuambia "tugawane", na mwisho wa mchezo wewe ndiye unayetoa chako. Mwingine anauza simu ya bei ya kutupa, kwenye boksi kuna kipande cha sabuni. Mwingine anatuma ujumbe, "ile hela tuma kwenye namba hii". Wote wanategemea mambo mawili: uwe na haraka, na uone aibu kusema hapana. Kataa, ondoka, usijieleze. Simu usiishike dirishani kwenye foleni.

Watoto niwapeleke wapi?

Bahari kwanza. Pandeni kivuko pale Feri kwenda Kigamboni na kurudi: ni dakika chache, ni bei ndogo, na mtoto ambaye hajawahi kuona meli ataikumbuka safari hiyo kuliko basi la mwendo wa saa kumi na mbili. Jumapili jioni nendeni Coco Beach, mle mihogo ya kukaanga yenye pilipili. Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert, mtaona masalia ya Zinjanthropus wa Olduvai.

Kijiji cha Makumbusho, Barabara ya Bagamoyo, ni cha aina yake. Kuna nyumba za asili za makabila mbalimbali, zimejengwa vizuri na unalipa kiingilio kuziona. Mtoto wa kijijini anaweza kukuuliza kwa nini mnalipia kuangalia nyumba ya bibi. Mtoto wa Dar, kwa upande mwingine, atauliza choo kiko wapi humo ndani. Wapeleke pamoja, utafurahi.

Kwa nini watu wa Dar hawasalimii?

Wanasalimia wanaowajua. Mkoa huu ulihesabiwa kuwa na watu 5,383,728 mwaka 2022; ukiwaamkia wote njiani utafika kazini jioni. Lakini mwambie mzee "shikamoo" kwenye daladala uone anavyokupisha. Na ukifiwa, uswahilini turubai linafungwa barabarani kabla hujapiga simu ya tatu.

Niuze shamba nihamie?

Usiuze. Likodishe, au mwachie mdogo wako alilime, uje ujaribu msimu mmoja. Shamba likiuzwa halirudi, na fedha yake Dar inayeyuka kama nilivyoeleza hapo juu.

Ukija, jua kwamba mwenye nyumba atataka kodi ya miezi mingi kwa mkupuo, sita ni kawaida, na dalali atataka kodi ya mwezi mmoja kwa kazi ya kukuonesha mlango. Mkishaingia wapangaji watano mkitumia LUKU moja, kikao cha umeme ni kila wiki. Mwenye jokofu anasema anazima usiku, mwenye pasi anasema hapigi siku hizi, na mwenye taa moja tu ndiye anayechanga sawa na wote. Ukiweza kulipa zaidi kidogo upate mita yako, lipa, utanunua na amani.

Kazi ipo, ila ni ya hesabu. Kijana anapewa bodaboda ya mkataba, kila jioni analeta hesabu ya tajiri, mvua inyeshe isinyeshe, kinachobaki ndicho chake. Ana nidhamu, baada ya muda wa mkataba pikipiki ni yake. Nimewaona waliofika hapo, na nimewaona waliorudisha funguo. Mwenye ufundi mkononi, iwe ushonaji, uashi, umeme au kupika, anapata mahali haraka kuliko mwenye "chochote nitafanya".

Halafu kuna michango. Wengi wanadhani mjini umekimbia majukumu ya ukoo. Yanakufuata kwenye simu: kamati ya harusi, msiba, ada ya mtoto wa shangazi, na kadi ya harusi yenye kiwango cha mchango kimeandikwa kabisa. Kijijini ungechangia debe la mahindi na nguvu zako. Huku ni fedha tu.

Maoni yangu, kama unayataka: mwenye shamba linalotoa na miaka zaidi ya arobaini, aje Dar kutembea na arudi. Kijana asiye na shamba, ajaribu.

Kuna mama wa Dar anataka kumchukua binti yangu akafanye kazi za ndani. Nimruhusu?

Sheria hairuhusu kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na wa shule abaki shule. Kwa binti mkubwa anayetaka mwenyewe: pata jina kamili la huyo mama, mtaa anaokaa na namba ya simu ya ofisi ya serikali ya mtaa, kisha piga uhakikishe. Mshahara mkubaliane kwa maandishi, na alipwe yeye mkononi au kwenye simu yake. "Namtunzia" ni neno la kukataa. Awe na simu, na siku ya mapumziko. Akiahidiwa kusomeshwa cherehani, uliza chuo gani na ataanza lini. Mama mwenye nia njema hataudhika kwa maswali hayo.

Naweza kuja na kuku hai?

Kwa basi, zungumza na konda mapema. Kuku anakwenda kwenye buti, na kutoka ubaridi wa Njombe hadi joto la Mikumi si wote wanaofika. Kwenye treni ya SGR usijaribu. Na huku ukimfikisha, mwenyeji wako wa chumba na sebule hana pa kumfunga zaidi ya mguu wa meza. Lete maharage.